Album ya Mama Nyiramahoro

Hapa Bihambwe, asubuhi, tukishashusha bidon za maziwa kando ya barabara kungoja pikipiki, hatuanzi na habari za nyumbani. Tunaulizana: "Uko unasikiliza album gani?" Njo desturi yetu. Kila mumoja anataja yake, inapigwa kidogo kwa spika ndogo ya Faustin, na mwenye kuipenda anakopia kwa simu yake. Faustin, ambaye ngombe zake zinakula hapo mulimani juu ya barabara, ni muntu wa rumba tu. Aurélie analeta korali za Nyabiondo, zile za kuliza watu. Mimi Umuhoza nasikiliza yote, na album ikiwa mubaya nasema iko mubaya. Wananiita Mudomo. Sawa tu, siwezi kujifanya bubu.

Mama Nyiramahoro peke yake hakuwa anatoa kitu. Tukimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Mimi niko na yangu." Anaweka simu kwa sikio, anatugeuzia mugongo. Tulimutania weee! "Mama, hiyo album yako iko ya dhahabu? Tuonjeshe basi!" Anacheka kidogo, anabeba bidon yake, anaenda.

Halafu simu yake ikaanza kufa. Kioo kilipasuka, ikawa inazima yenyewe, na mutengenezaji alimuambia wazi: siku moja itazima na haitawaka tena. Alikuja kwangu, macho mekundu.

"Umuhoza, dada yangu, sauti ya bwana yangu iko mule. Sina picha yake. Kaburi liko mbali. Niko na hiyo tu."

Nilikasirika. "Na ulikuwa unangoja nini? Si tungekopia zamani, sisi wote!"

"Mungenicheka," akasema. "Haiko muziki."

Wote tulimujua bwana yake, Sebahire. Kila mangaribi alikuwa anaita ngombe zake kwa kukamua, moja moja kwa jina, akizisifu kama muntu anasifu mama mukwe. Na sauti yake ilikuwa mubaya, haki ya Mungu, kama mulango wa bati. Nyiramahoro alimurekodi siku moja kusudi amucheke. Kisha vita ikafika. Tulikimbia na watoto mugongoni, ngombe zikabaki kwa wenye bunduki. Sebahire alikufa na homa kambini, kabla ya kurudi kwetu.

Asubuhi iliyofuata Nyiramahoro alimupa Faustin ile simu. Sauti ikatoka kwa spika, na ule mukwaruzo wake: "Gaju, mama, kuja. Bihogo, malkia yangu, mwenye pembe nzuri, kuja, watoto wanangoja maziwa."

Hakuna aliyecheka. Aurélie alilia bila kujificha. Tukakopia: simu ya Faustin ikapokea, ya Aurélie pia, na yangu. Nikapumua. Sasa hata ile simu ikizima, Sebahire hatapotea.

Lakini sauti ilikuwa bado inaendelea, na huko juu ngombe moja nyekundu ikanyanyua kichwa. Ni ile Faustin alinunua sokoni tuliporudi, pembe zimekatwa, hakuna aliyeitambua. Ilishuka mbio, ikapita katikati ya bidon, ikamwaga maziwa ya Aurélie, ikasimama mbele ya spika. Ikanusa. Ikazunguka nyuma yake, ikatafuta. Kisha ikarudi mbele na kutulia, miguu sawa, kama inangoja kukamuliwa.

"Bihogo," Nyiramahoro alisema polepole.

Faustin alijishika kichwa. "Mama, niliinunua tu! Sikujua ilitoka wapi, Mungu anajua. Ikamate. Iko yako."

Nyiramahoro alikuwa anaangalia ngombe ile inavyoanza tena kuzunguka spika, ikilia kidogo, na Sebahire akizidi kuita.

"Zimisha, Faustin," akasema. "Zimisha haraka!"

Spika ikanyamaza. Bihogo ikabaki imesimama, masikio juu.

Nyiramahoro alifunga kamba shingoni mwa ngombe, akaipangusa uso na kitambaa chake mwenyewe. Kabla ya kwenda alitugeukia.

"Musikilize wote, nyumbani kwenu, hata kwa sauti kubwa. Mimi najua hayuko. Lakini musiipige karibu na malisho. Huyu bado anamungoja."