Sakafu Aliiunguza Mtani Wangu, Lawama Nikabeba Mimi

Mwenye ukurasa, jina langu usilitaje, maana Temeke tunajuana. Mimi ni fundi seremala wa miaka thelathini na minne, Mnyamwezi niliyekuja pwani tangu ujana. Nina mke na watoto wawili, na siku zote tumekula kwa kazi za nyumba za Wazungu.

Kazi hizo alinitafutia rafiki yangu Mzaramo, nimwite Saidi, boi wa nyumba ya memsabu mmoja wa Kizungu kule upande wa Kawe. Mnyamwezi na Mzaramo mnajua ni watani. Yeye huniita mpagazi wake, mimi humvua kofia nikaondoka nayo, na hakuna aliyewahi kununa.

Siku moja alinijia mbio. Alikuwa akipiga pasi ya mkaa, akaiweka sakafuni ili akatazame chungu jikoni. Aliporudi, mbao zimeungua, nyeusi tii. "Mtani, niokoe! Memsabu yuko mjini, akiiona hii nimekwisha." Nikabeba vyombo vyangu. Nikakwangua weusi kwa kipande cha kioo, nikapiga msasa. Palipoungua sana nilitaka kupaziba kwa unga wa mbao na gundi, na gundi yangu ni ya kupasha moto, kwa hiyo nikawasha jiko dogo la mkaa pembeni.

Hapo memsabu akaingia. Akatazama sakafu, akatazama jiko, akauliza nani kafanya hivi. Saidi hakusita. "Ni huyu fundi, memsabu. Nilimwita atengeneze mlango, akaweka jiko lake juu ya mbao."

Nami nikacheka! Wallahi nilicheka kwa sauti, nikidhani ananitania na sasa hivi atasema kweli. Mtani akikusingizia mbele za watu unacheka, ndivyo tulivyolelewa. Memsabu akaona nimemharibia nyumba na bado namcheka. Nilipomtazama Saidi usoni nikajua hatanii, lakini nilikwisha kufukuzwa. Habari ikafika nyumba zote za jirani. Leo naunga vigoda Buguruni, na wateja ni wa kubahatisha.

Nilipomfuata kwake akanipiga bega: "Umenuna nini, Mnyamwezi? Si utani tu!" Watu barazani wakaangua kicheko. Iliniuma, jamani, kuliko hata kufukuzwa.

Sasa mama yake amefariki, mama aliyenipakulia chakula chake mara nyingi. Arobaini inakaribia, na wazee wao wameniita: mtani ndiye wa kuondoa matanga, nije niwachekeshe wafiwa, niseme lolote, hakuna wa kunikasirikia. Nisipokwenda nitakuwa nimemkosea marehemu, ambaye hakunifanyia baya lolote. Nikienda, nitasimama mbele ya mtaa mzima niseme Saidi ndiye aliyeunguza ile sakafu, nao watashika mbavu, yeye akicheka kuwashinda wote.

Ndugu wasomaji, nielekezeni. Niende, au nikae kwangu?