Jogoo Aliyetangulia Kutembea

Jogoo alisimama kabla ya binti yangu. Hapo ndipo roho ilipoanza kunidunda.

Binti yangu ni Tumwagile. Bodaboda ilimwangusha pale Mikumi, mfupa wa muundi ukasagika, kipande kizima kikatolewa.

Hospitali wakamwekea kitu kama sega la nyuki, kimechapwa na mashine kwa kipimo cha mguu wake. Wakachota uboho kwenye nyonga yake mwenyewe, wakachuja zile seli shina, mimi naziita mbegu za mfupa, wakazipanda kwenye vile vitundu.

Daktari akanitazama machoni. "Mama, mfupa ukikomaa, sega litayeyuka lenyewe. Akikanyaga kabla sijasema, linavunjika. Hapo tutaongea habari ya kukata."

Tukarudi Kisanga, kwa mzee Budeba, baba wa mume wa Tumwagile.

Mzee naye alikuwa na yake. Siku ya upasuaji alimvunja mguu jogoo mwekundu, akaufunga kwa vijiti vya mianzi na kipande cha kanga. Kwao ndivyo mfupa unavyoungwa: kuku akitembea, mgonjwa naye anatembea.

Jogoo akatembea. Si kutembea tu, akaanza kukimbiza mitetea.

Mzee akatangaza kwa majirani: Jumapili baada ya ibada waje washuhudie mkwewe akitupa magongo.

Nikamsihi binti yangu. Akanijibu bila kunitazama, "Mama, nimechoka kubebwa chooni. Na jogoo si unamwona?"

Nimpinge mzee kwake, mbele ya watu wake? Tumwagile angeishije pale?

Jumapili alfajiri nikaenda bandani na kisu. Nikakuta mlango wazi, jogoo kajikunyata ndani. Nikamshukuru Mungu hajatoka.

Manyoya nikayafukia nyuma ya jiko. Nyama nikaiunga kwa nyanya na karanga, mchuzi mzito.

Watu wakajaa uani. Tumwagile kakalishwa kitini. Mimi nikamtengea mzee ugali.

Jirani yetu Bonifas hana subira. "Mzee, mlete huyo jogoo tuanze."

Mzee alikuwa kashika mguu wa kuku. Akautafuna mpaka mfupani, akasita.

Jamani. Katikati ya ule mfupa palikuwa na nundu, pale ulipounga. Nilificha manyoya, mguu nikausahau.

Akaugeuza polepole.

Kisha akaurudisha bakulini, akaufunika kwa tonge la ugali.

"Jogoo hayupo," akasema. "Kama hayupo, hakuna wa kumtangulia mgonjwa. Tumngoje daktari."

Bonifas akanung'unika kwamba katoka kwake kuja kutazama mtu kakaa kwenye kiti.

Miezi ikapita. Kwenye picha ya mwisho ya mguu, sega halipo tena, mahali pake mfupa mtupu, mweupe. Tumwagile akatembea mwenyewe mpaka kwenye basi, analia huku anacheka.

Jioni nikamfuata mzee nimwombe radhi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mkwe, unadhani banda lilifunguliwa na nani? Nilikuwa namwachia kicheche amchukue yule jogoo. Nilishaanza kuogopa, ila maneno nilishayatoa mbele ya watu."

Basi wanangu mnaonisoma, mkimwona mtu mzima kang'ang'ania neno lake, msikimbilie kumuumbua. Huenda mwenyewe anatafuta pa kutokea. Mfungulieni.

Mimi ilinigharimu jogoo mmoja. Tena wake.