Kashe ya Ndani

Asubuhi Bukavu ilipoporwa, mji ukibadilisha wenye bunduki, kila mwenye miguu katika mtaa wetu wa Cimpunda alishuka mjini kutafuta unga. Ignace Zagabe alishuka kutafuta kitabu.

Huyu Zagabe ni mpiga rangi wa nyumba, mtu mrefu mwenye hasira za karibu, na ugonjwa wake ni vitabu vikuukuu. Jumamosi wenzake wakienda kwenye bia, yeye hupanda soko la Kadutu, akapiga magoti mbele ya mafurushi ya mitumba na kufukua. Hutoka huko na vumbi mpaka kwenye kope, ana furaha ya mtu aliyeoa jana. Na raha yenyewe haikuwa kusoma tu. Ilikuwa kashe. Muhuri sisi tunauita kashe, na kitabu kilichopita mikono mingi huwa na kashe za watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena: shamba la chai la Kavumu lililokufa zamani, ghala la wachimba dhahabu wa Luhwindja, shule ya wasichana iliyogeuka kambi. Jioni Zagabe alimsomea mke wake, Lucie, kashe hizo moja moja kama mtu anayesali rozari. Akamfundisha na ujanja wa masista wenye maktaba kule mjini: kashe moja mbele, ambapo kila mtu anaiona, na nyingine ndani, kwenye ukurasa wa siri, ili mwizi akiichana ya kwanza, ya pili imshike. Lucie hakujua kusoma sana, lakini kashe aliijua vizuri. Ni duara la buluu.

Adui wa Zagabe pale sokoni alikuwa Maman Georgette, muuza karanga. Naye alinunua vitabu vikuukuu, ila yeye alivichana kufungia karanga. Walikuwa wameshapigana zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho Zagabe alilipiga teke beseni lake, na Georgette akampasua mdomo kwa kopo la kupimia. Watu walicheka, wakamvuta kando yule mwanamume na kumwambia akaone haya.

Lakini kuna kitabu kimoja alichokisaka miaka na miaka: juzuu ya pili ya hadithi ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake. Ya kwanza anayo. Inaishia pale mjane ameinua panga kwa mikono miwili na shemeji amelala kifudifudi chini yake. Basi, ukurasa umeisha. Panga lilishuka au halikushuka? Zagabe alilala na swali hilo na kuamka nalo. Alijua ya pili ilipo, maana sista mmoja aliwahi kumwonyesha nyuma ya kioo cha kabati, akamwambia kwamba watu wa nje hawaazimwi. Kwa hiyo asubuhi ile aliposikia kwamba mlango wa maktaba ya masista umevunjwa, moyo wake uliruka, na si kwa huzuni.

"Usiende, papa Zagabe," Lucie alimwomba. "Kitu ya batu ni ya batu."

"Ninaenda tu kuangalia kazi yangu kule Nguba," akadanganya.

Njiani risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati. Mtu mmoja aliyebeba godoro kichwani alipigwa, akaanguka nalo, na damu ikaingia kwenye godoro kabla haijafika barabarani. Waliokuwa nyuma walimruka. Zagabe alimruka pia. Nasema hivyo kwa sababu baadaye alimwambia padri kwamba hakumwona.

Kule maktaba Georgette alikuwa ameshajaza gunia, na kitabu kile kilikuwa mkononi mwake. Zagabe alikidaka. Wakavutana, huyu huku, yule kule, mpaka ngozi ya jalada na kurasa za kwanza zikabaki kwa Georgette na kilichobaki kwa Zagabe. Mwanamke akamrukia puani kwa kucha. Hapo Zagabe alimpiga ngumi ya shavu, ngumi ya kweli, akamwacha amekaa juu ya karatasi anatema jino. Akakimbia na kitabu ndani ya shati.

"Nimekipata Kadutu, kwa watu wa mitumba," alimwambia Lucie. "Kule Nguba mawe yalirushwa, yakanipata kwenye pua."

Lucie akamwosha damu, akaamini. Wiki zile avenue nzima ilikula bugali ya unga wa watu, na wao wawili wakala sombe tupu, majani ya muhogo, lakini kanisani Lucie alitembea kichwa juu. Bwana wake alishuka mikono mitupu, akapanda mikono mitupu. Alimwambia kila aliyetaka kusikia na wengine ambao hawakutaka.

Na Zagabe? Kitabu bila kurasa za kwanza kilianzia kwenye mazishi, na hakikusema ni ya nani. Mungu naye ana utani wake. Basi kila siku akamtuma Lucie kununua karanga kwa Maman Georgette, na kila siku akakunjua karatasi zile, akitafuta panga. Hakulipata. Lucie alishangaa tu mapenzi mapya ya karanga.

Ndipo wenye bunduki wapya wakatangaza kwamba vilivyoporwa virudishwe. Virudishwe nini? Unga ulishaliwa, na unga hauna kashe. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Wa Cimpunda walizimaliza zao wakiwa wameshiba. Lakini askari mmoja alinunua karanga, akafungua karatasi, akaona duara la buluu. Maman Georgette alipigwa palepale sokoni mpaka mkono ukavunjika. Alipoulizwa vitabu vingine viko wapi, akasema viko kwa Zagabe, mpiga rangi, nyumba imejaa. Simlaumu. Fimbo ikishafika kwenye mfupa, jina la mtu mwingine hutoka lenyewe.

Walikuja mchana. Walimwaga vitabu vyote uani, kwenye tope, na mkubwa wao akafungua kimoja baada ya kingine kwa ncha ya kiatu.

"Weye papa, vyote hivi iko na kashe ya batu. Ulivitoa wapi?"

"Ni vyangu, chef. Nilivipata na jasho yangu, kabla ya vita."

"Kashe iko na jina yako?"

"Hapana, chef."

"Basi kila kashe, fimbo."

Wawili walimkalia miguu, wawili mikono. Mkubwa alisoma kwa sauti. "Shamba ya chai, Kavumu." Fimbo. "Ghala, Luhwindja." Fimbo. Yale majina aliyomsomea mkewe jioni kwa furaha, sasa alisomewa yeye, na kila moja lilichana shati, kisha likachana ngozi, kisha likapita palepale palipochanika. Kufika shule ya wasichana, suruali yake ilikuwa imelowa. Mlangoni Lucie, ameshikwa nywele na askari, alikuwa anapiga kelele, "Bwana wangu haibi! Hata sindano hajaiba!"

Na Zagabe, mdomo umejaa tope, akasema kwa sauti, "Ninaapa mbele ya Mungu. Hata kimoja."

Kitabu kisicho na ngozi kilifikiwa. Mkubwa aliangalia mwanzo wake, hakuona kitu, akakipiga teke pembeni. "Hii hapana."

Walipochoka, mkubwa alifuta jasho. "Karatasi hatubebe. Lakini kesho anapita ule anayetuzidi. Akikuta kashe moja tu hapa, anakufyatulia weye na bibi yako."

Lucie hakulia. Aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, akateleka sufuria ya maharagwe ili majirani wasiulize moshi wa nini, akaanza kuvichoma. Zagabe alilala kifudifudi mlangoni, mgongo wazi, nzi juu yake.

"Lucie, chana kashe tu! Chana ukurasa ya kwanza!"

"Na ile ya ndani? Si weye mwenyewe ulinifundisha?"

Zagabe alilia kuliko alivyolia chini ya fimbo, na hakuona haya. Kavumu iliungua, Luhwindja ikaungua, ya wasichana ikaungua, na ya kwanza ya mjane pia, maharagwe yakitokota juu yao. Vyote vilikuwa vya halali. Alivipata kwa kupiga magoti, na hakuna mtu aliyeumia.

Mwishowe Lucie alikuja akachuchumaa karibu naye, akamwekea kitabu kisicho na ngozi mkononi.

"Hii haina kashe, hata ule chef aliona. Ubaki nayo, bwana wangu. Mungu anaona batu ya mikono safi."

Zagabe alijua ukurasa wa siri ulipo. Aliufungua hata hivyo. Duara la buluu lilikuwa pale, zima, na jina la masista. Angeweza kukifunga. Huenda huyo wa kesho asingefika katikati. Huenda angefika, na risasi isingeuliza nani alijua na nani hakujua. Alimtazama mkewe, nywele zimeng'olewa upande mmoja.

"Lucie. Na hii pia."

Lucie aliiona kashe. Akatazama mahali ngozi ilipong'oka. Kisha akatazama pua ya bwana wake, ambayo ilikuwa bado na alama za kucha.

"Kumbe njo sababu ya zile karanga," alisema.

"Ndiyo."

"Na uliapa. Mimi niko nashikwa nywele, weye uko naapa."

Zagabe aliweka uso chini kwenye saruji. Lucie akasimama. Akakiinua kitabu juu kwa mikono miwili, juu ya mgongo ule ulio wazi, akakishikilia hapo kidogo.

Kikashuka.

Zagabe alipiga yowe ambalo askari hawakulipata. Lucie akakisukuma kitabu chini ya sufuria bila kukifungua, akakaa kwenye kigoda, akasubiri maharagwe yaive.