Tuta la Mgagani Mbele ya Wodi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa jembe, reki na ndoo inayovuja. Kilikuwa kituo cha afya pembeni mwa mji wa Garsen, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Sista Msimamizi alinionyesha kiwanja kitupu mbele ya wodi ya wazazi.

"Nataka maua hapa, mama. Wagonjwa wamechoka kutazama vumbi."

Nilipanda mawaridi, jua likayakausha. Nikapanda tena, mchwa wakayamaliza. Ndipo nikaenda kwetu Idsowe kuleta mbegu za mgagani, ule unaojiotea shambani bila kualikwa na kufa msimu ukiisha. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga ili zimwagike sawasawa kwenye tuta. Zilizotoka kuvunwa hazioti vizuri. Ziache zipumzike miezi kadhaa. Miche ikisongamana, ing'oe mingine. Ukitaka majani, vunja kilele. Ukitaka maua, kiache.

"Umenipandia mboga mlangoni," Sista akasema.

"Subiri ichanue, Sista."

Ilipochanua, maua meupe yenye ndevu ndefu za zambarau, hakuiita mboga tena.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Mto Tana ukafurika, barabara zikakatika, Idsowe ikalala majini pamoja na akiba yake ya mbegu. Kituo kilikuwa mwinukoni, watu wakapiga kambi uani. Sista akaniruhusu kuchuma majani kwa chakula cha wazazi, ila akaonya: "Safu ya mwisho usiiguse. Hiyo ndiyo mbegu."

Asubuhi moja akaja Halima, mama wa Kiorma ambaye ng'ombe wake walichukuliwa na maji. Binti yake alikuwa amejifungua, damu imempungua, uji anaukataa. Safu nyingine nilikwisha kuzichuma, vimebaki vijiti.

"Mama, nipe hii," akasema, akionyesha safu ya mwisho.

"Hii ni ya mbegu, dada. Mwakani hatutakuwa na kitu."

"Mbegu ya mwaka kesho," akasema. "Mtoto yangu ya leo."

Sista alikuwa dirishani, akaniona nikiinama, akageukia wagonjwa wake. Nikaikata safu yote, na maua yake. Halima akaichemsha kwa chumvi tu. Binti akala, akaomba nyingine. Hapakuwa na nyingine.

Maji yalipopungua, Sista alihamishwa. Aliyemfuata, Bwana Msimamizi, alilitazama tuta tupu, akaamuru pamwagwe kokoto ili magari yaegeshwe hapo. Tangu hapo kazi yangu ikawa kufagia, mpaka nilipostaafu.

Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinipa mgongo mbovu na magoti yasiyokunjika, na bustani yenyewe haikuacha hata punje moja. Nimechoka, wanangu, sitawaficha. Lakini yule binti aliondoka pale kwa miguu yake, mtoto mgongoni, na mimi nilisimama mlangoni nikamtazama hadi akapotea njiani.