Kura za Kumhamisha Mama

Mwaka ule Waingereza walipokuwa wanabishana namna ya kutoka Umoja wa Ulaya, sikuachana na redio. Wabunge wao waliletewa mapendekezo kadhaa, wakaulizwa kwa kila moja: ndiyo au hapana? Yote wakayakataa. Walimu wenzangu hapa Biharamulo walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kumbe nilikuwa najifunza.

Mwaka jana mama alianguka na ndoo ya maji. Macho yake yamepungua nguvu na anaishi peke yake Murusagamba. Tukakutana kwake: dada na mumewe, kaka, baba mdogo, mimi na mke wangu. Ahamie kwa dada Mbuba, kwa kaka Rusumo, au kwangu? Uenyekiti nikapewa mimi, eti mwalimu.

"Tusizunguke," alisema baba mdogo. "Kila mtu ataje nyumba moja. Itakayotajwa zaidi, mama aende huko."

Nyumba yangu ndiyo kubwa, wengi wangeitaja, na mke wangu na mama hawapikiki chungu kimoja. Nikasema hapana, tufanye kama bungeni: nyumba moja moja, ndiyo au hapana, na isiyozidi nusu ya kura imeanguka.

Mbuba ilianguka, maji yako mbali. Rusumo ikaanguka, kaka hashindi nyumbani. Mimi na mke wangu tulimsaidia kuiangusha. Ilipofika zamu yangu, kaka akalipa fadhila. Mikono mitatu ikasema ndiyo, mitatu hapana.

Mama alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Kwa Mbuba alikaa kimya, kwa Rusumo pia. Kwangu aliinua mkono, na kisu bado kimo mkononi.

"Mama," nikamwambia kwa upole wa kinafiki, "mhusika hapigi kura."

Akaushusha. Basi akabaki palepale, uamuzi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeupigia kura. Njiani mke wangu alinishukuru. Nilijionea aibu.

Bado anachota maji mwenyewe. Hakuna sheria inayonizuia kwenda kumchukua kesho, nami nalijua hilo kila ninapompigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," anajibu, kisha anauliza bila kejeli yoyote, "Kile kikao chenu mtarudia lini? Safari hii sitainua mkono."