Namba Anayoijua Railane

Edivânio, jirani yangu hapa Santarém, Brazili, alikuwa fundi televisheni mpaka watu walipoacha kutengenezesha televisheni. Akageukia kompyuta. Anaunda roboti za kujibu meseji: mteja akiandika anataka chakula, roboti inamjibu kama mtu. Aliyoniundia mimi muuza chakula ina adabu kunishinda.

Haundi yote mwenyewe. Kuna kitu mafundi wanakiita maktaba, na wala haina kitabu: ni kazi waliyokwisha kuiandika wengine, unaichukua bure, unajengea juu yake. Hiyo yake inaingia kwenye mtandao wa meseji ikijifanya simu. Wenye mtandao hawataki, wakigundua wanaifungia namba, naye anajua.

Kila roboti aliijaribia kwenye namba yake mwenyewe.

"We Edivânio, tafuta laini nyingine," nilimwambia. "Hiyo ndiyo anayoijua Railane."

Railane ni binti yake, anapikia wachimba dhahabu kambini, huko mto unakotokea. Minara ya simu hakuna, ni intaneti ya kambi tu. Simu yake ilizama. Akitaka kuandika anaazima, na namba aliyo nayo kichwani ni ya baba yake.

"Dada Creusa, geuza samaki wako, wanaungua. Najaribu kidogo tu."

Sisi asubuhi haianzi mpaka umtumie kila mtu picha ya ua na salamu. Basi mwenye duka la dawa akataka roboti iwasalimie wateja wake wote. Edivânio akaijaribu. Maua yakamwagika kama siafu, na kabla sijaepua wali namba ikafungiwa.

Akawaandikia wenye mtandao kuomba radhi. Jibu likaja papo hapo: tumepokea ombi lako, tunathamini subira yako. Akaandika tena. Likaja lilelile.

"Roboti hiyo," akasema. "Hakuna mtu nyuma yake."

Kwa simu yangu tukamtafuta mchimbaji wa mwisho aliyemwazima Railane simu.

"Yule mpishi? Kaondoka na homa. Kaenda kambi gani, sijui."

Wengine tuliowauliza hawakujibu.

Edivânio ana laini mpya, lakini Railane haijui. Simu yenye ile ya zamani bado anaichaji, ameiweka mezani karibu na sahani. Juzi nilimpelekea samaki nikamkuta anaitazama.

"Kula, baba," nikamwambia.

"Weka hapo, dada."

Nikaweka. Chakula cha jana yake kilikuwa bado kipo.