Binti wa Koti la Kuazima

Mshonaji aliyefukuzwa kiwandani kwa kuripoti mlango wa dharura uliotiwa kufuli alivunjika moyo alipoona mtetezi aliyepewa ni mwanafunzi wa sheria aliye kwenye mafunzo ya kazi, binti mwenye sauti ya kubembeleza mtoto na koti la kuazima lililomeza vidole vyake. Kila alipotaka kuuliza swali, binti alipandisha mikono ya koti, kisha akatabasamu kama mtu aliyepotea njia. Siku ya usuluhishi, meneja wa kiwanda alimwona binti huyo mteremko tu. “Huyu mama tumemwachisha kazi kwa uvivu,” alisema. Binti akapandisha mikono ya koti. “Samahani baba, mimi bado najifunza. Uvivu wenyewe ulianza lini?” Meneja akaegemea kiti kama mwalimu. “Mwanangu, miaka yote alikuwa hodari. Uvivu ulimwingia alipotupeleka kwa wakaguzi.”

Mwanasheria wa kiwanda alimkanyaga meneja mguu chini ya meza, lakini maji yalikwisha kumwagika. “Ahsante baba, sasa nimeelewa,” binti alisema kwa upole, akamgeukia msuluhishi. Mshonaji akaziba mdomo kwa kiganja asije akacheka mbele za watu. Wiki iliyofuata alirudi kwenye cherehani yake, na meneja ndiye aliyetangulia kumwamkia.